Mgonjwa wa Hatari na Jamaa Yake

Somo kwa wote wanaolinda mgonjwa hospitalini

Mfano

Mama mmoja wa kijiji cha milimani, katika Kivu, alimleta binti yake hospitalini. Vijana walimbeba kwa kipoyi tangu alfajiri. Binti huyo alikuwa amezaa usiku, na kisha kuzaa akashikwa na kifafa cha mimba. Alitetemeka mwili mzima mara tatu, halafu hakuamka tena. Mtoto mchanga alipelekwa materniti. Mama yake mtoto aliwekwa katika chumba cha wagonjwa wa hatari, kile ambacho wengi huita reanimasio. Mlango ukafungwa. Nyanya wa mtoto alibaki nje, kapu la chakula miguuni pake.

Siku ya pili mwuguzi alimwita aingie. Alimwona binti yake amelala, mpira puani, mpira mkononi, mpira wa mkojo kando ya kitanda. Akasema moyoni, “Mtoto wangu hajakula siku mbili. Njaa itamwua mbele ya ugonjwa.” Mwuguzi alipogeukia mgonjwa mwingine, mama alitoa kikombe cha uji chini ya kikwembe chake, akajaza kijiko. Mwuguzi alisikia sauti ya kijiko. Alikuja upesi, akamshika mkono kwa upole.

“Mama, ngoja. Uji huu hautakwenda tumboni. Utaingia mapafuni na kumzuia kupumua.”

Mama alilia. Akasema, “Mwana wangu, kama siwezi kumlisha, mimi niko hapa kwa kazi gani?”

Ulizo hili ni la haki. Jamaa wengi wanaliuliza moyoni, lakini hawalisemi. Somo hili ni jibu lake.

1. Chumba hiki ni cha nini?

Ni chumba cha mtu ambaye uzima wake unaweza kukatika kwa dakika chache. Humo hulazwa mwenye malaria iliyopanda kichwani, mwenye pepopunda, mwenye kifafa cha mimba, aliyepasuliwa tumbo, ao aliyepata ajali ya pikipiki. Wagonjwa ni wachache, na wauguzi huwatazama mchana na usiku.

Vyumba vya namna hii si vya zamani sana. Katika mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulishika watu wengi katika mji wa Copenhagen, inchi ya Denmark. Wengi hawakuweza tena kupumua, na mashini za kuwasaidia hazikutosha. Mganga mmoja, Bjørn Ibsen, alionyesha njia nyingine. Mgonjwa alitobolewa tundu dogo kooni, mpira ukapitishwa, na hewa ikasukumwa kwa mfuko uliofinywa kwa mkono. Wanafunzi wa uganga karibu 1,500 walipokezana kwa zamu, mchana na usiku, wakifinya mifuko hiyo. Watu wengi waliokuwa karibu kufa walipona. Basi kazi ya chumba hiki ilianza kwa mikono ya watu walioketi karibu na kitanda. Mashini nyingi zilikuja nyuma, na hata leo hazijaondoa kazi ya mikono.

Ukiingia, usiogope vitu unavyoona. Mpira wa puani unaleta oksijeni, ni hewa ya kumsaidia kupumua. Kitu kinachobana kidole hakinyonyi damu, kinapima kwa mwangaza kama damu inachukua oksijeni ya kutosha. Mpira wa mkononi unapitisha serumu na dawa. Mfuko wa mkojo unaonyesha kama figo zinafanya kazi. Mashini ikilia, si kusema kwamba mgonjwa amekufa. Mara nyingi kile kitu cha kidole kimeteleza tu. Mwite mwuguzi, wala usiguse mashini wewe mwenyewe.

2. Sababu gani mlango umefungwa?

Mlango haukufungwa kwa sababu jamaa ni adui. Umefungwa kwa sababu ya vijidudu vinavyosafiri juu ya mikono yetu. Mgonjwa wa hatari hana nguvu ya kupigana navyo. Tena kila mpira ulioingia mwilini mwake umefungua njia ambayo vijidudu vinaweza kupita.

Kwa hiyo kabla ya kuingia nawa mikono kwa maji na sabuni, polepole, kwa muda wa sekunde 40 mpaka 60. Nawa viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, na chini ya kucha. Kama hospitali inatoa alkoli ya mikono, isugue mpaka ikauke, sekunde 20 mpaka 30. Fanya hivi tena wakati wa kutoka, usipeleke vijidudu kwa watoto nyumbani. Mwenye kikohozi, homa, kuhara, ao kidonda chenye usaha asiingie. Mwingine ashike zamu yake. Usiketi juu ya kitanda cha mgonjwa. Usitoke kitanda cha mgonjwa mmoja na kwenda kusalimu wa pili bila kunawa, hata kama mnatoka kijiji kimoja.

Wengine husema, “Afadhali jamaa wakae mbali kabisa.” Si vile. Katika mwaka 2019 waganga wa Brazili walitangaza uchunguzi uliofanywa katika vyumba 36 vya wagonjwa wa hatari. Kuna wakati jamaa walipewa muda mfupi tu, na kuna wakati walifundishwa kwanza, kisha wakaruhusiwa kukaa hata saa 12 kila siku. Wagonjwa waliochanganyikiwa akili hawakupungua sana. Lakini maambukizo hayakuongezeka, na jamaa walioruhusiwa kukaa walipungukiwa hofu na huzuni. Basi jamaa aliyefundishwa si hatari kwa mgonjwa.

3. Kazi ambayo jamaa peke yao wanaweza kufanya

Mwuguzi anajua dawa. Lakini hamjui mgonjwa wako kama wewe unavyomjua. Kuna kazi tatu ambazo ni zako.

Ya kwanza ni kusema kweli juu ya habari zake. Ugonjwa ulianza siku gani? Alikunywa dawa gani nyumbani? Kama alipewa dawa ya miti kwa kinywa ao kwa njia ya nyuma, sema bila haya. Mganga haulizi ili akuhukumu. Dawa nyingine za miti zinaumiza figo ao ini, na mganga asiyejua anaweza kuongeza dawa nyingine juu ya ile. Sema pia kama ana sukari, tansio, ao kifafa cha zamani, na kama kuna dawa iliyomletea upele ao kuvimba uso siku zilizopita.

Ya pili ni sauti yako. Mtu aliyelala kwa ugonjwa mkubwa anaweza kusikia hata kama hafungui macho. Kwa hiyo usiseme kando ya kitanda neno ambalo hutaki asikie. Usiseme, “Huyu amekwisha.” Usihesabu deni la hospitali juu ya kichwa chake. Mwite kwa jina lake. Mwambie, “Ni mimi, mama yako. Uko hospitalini. Leo ni siku ya tatu. Mtoto wako ni mzima.” Akianza kuamka anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyopo, kutukana watu, ao kuvuta mipira. Hii si wazimu wala pepo. Ni akili iliyochoka kwa ugonjwa, dawa, na kukosa usingizi. Usibishane naye. Shika mkono wake, sema tena pole pole mahali alipo. Kama kwa kawaida anavaa miwani, iletwe. Mchana afunguliwe mwangaza. Usiku aachwe apate usingizi.

Ya tatu ni macho yako. Wewe unamtazama mgonjwa mmoja, mwuguzi anatazama wengi. Mwite upesi ukiona anapumua kwa shida ao kwa kukawia sana, anatetemeka, damu inatoka, midomo inageuka rangi, ao mkono wenye serumu umevimba. Afadhali umwite mara kumi bure kuliko kukosa kumwita mara moja.

4. Kazi ya mikono pamoja na mwuguzi

Uliza kwanza, “Naweza kusaidia nini leo?” Mwuguzi atakuonyesha, kisha utafanya.

Mgonjwa asiyejigeuza atapata vidonda vya kulala. Nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu na kuoza. Kwa hiyo sharti ageuzwe kila saa mbili ao namna mwuguzi atakavyoagiza. Mgeuze pamoja na mwuguzi, usimgeuze peke yako, mpira usije ukang'oka. Tazama visigino, nyonga, kiuno kwa nyuma, na mgongo wa kichwa. Ukiona mahali pekundu ao peusi pasiporudi rangi yake, sema. Nguo ya kitanda inyoshwe, isiwe na mikunjo, wala isikae na maji ao mkojo.

Osha uso na mikono yake. Lowesha midomo kwa kitambaa safi chenye maji kidogo, yasiyodondoka. Mwuguzi akikuruhusu, kunja na kunyosha vidole, viwiko na magoti yake, polepole, ili viungo visikauke.

Wekeni daftari ndogo. Kila siku mlinzi aandike maneno machache: leo alifungua macho, leo mpira mmoja umeondolewa, leo mjomba alifika kutoka Bukavu. Asiyejua kuandika amwambie kijana aandike. Hospitali nyingi za Ulaya zinafanya hivi, kwa sababu mtu akipona hakumbuki siku zile, ao anakumbuka ndoto mbaya tu. Daftari itamrudishia siku zake.

5. Mambo ya kukataa

Usimpe chakula wala maji kwa kinywa mpaka mwuguzi aseme. Kooni kuna njia mbili, moja ya tumbo na moja ya mapafu. Mtu mwenye akili macho anapomeza, njia ya mapafu inajifunga. Mtu aliyezimia hafungi njia hiyo vema. Kijiko kimoja cha uji kinaweza kumletea ugonjwa wa mapafu na kumwua. Usifikiri kwamba ameachwa na njaa. Mganga anaweza kupitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni, na chakula kitapita humo.

Usibadilishe mwendo wa serumu, hata kama unaona inakawia.

Usimwage mkojo wa mfuko kabla haujapimwa. Mwanamke mwenye kifafa cha mimba anapewa dawa ya sulfati ya magnezi. Dawa hiyo hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Kama mkojo haufiki mililita 30 kwa saa, dawa inaweza kujaa mwilini na kuzima pumzi, na sharti mganga ajue. Mtu anayemwaga mkojo kwa ajili ya usafi anaweza kuficha habari hiyo bila kujua.

Usilete dawa ya nje kwa siri, ya miti ao ya duka.

Usiwashe mshumaa, kiberiti, wala tumbako mahali penye oksijeni. Oksijeni yenyewe hailipuki, lakini inafanya moto mdogo kuwa mkubwa gafula.

6. Jamaa walio nje ya mlango

Watu ishirini hawawezi kuingia. Lakini watu ishirini wanaweza kufanya kazi.

Chagueni mtu mmoja awe msemaji wa jamaa. Yeye aonane na mganga, kisha awapashe wengine habari. Kama kila ndugu anauliza kwa wakati wake, kila mmoja atarudi na neno lake, na ugomvi utaingia. Msemaji aulize maulizo haya: Ugonjwa ni gani? Leo ni afadhali kuliko jana, ao hapana? Mnatazamia nini kesho? Sisi tufanye nini? Kama hakufahamu, aseme, “Mganga, sikufahamu, niambie tena.” Hakuna haya katika neno hilo.

Chagueni walinzi wawili ao watatu wa kupokezana. Mlinzi asiyelala siku nne atasahau kunawa mikono, atakasirika, na mwisho ataugua yeye mwenyewe. Anayetoka zamu amweleze anayeingia mambo aliyoyaona.

Wenye afya waende kutoa damu. Watu wengi huogopa, wakidhani watakosa nguvu daima. Mtu mzima mwenye afya hutoa hadi mililita 450 hivi kwa mara moja, na mwili hutengeneza nyingine. Damu hupimwa kabla ya kupewa mgonjwa.

Washiriki wa kanisa wasaidie kwa zamu. Mmoja apike bugali na sombe kwa mlinzi, mwingine alinde watoto waliobaki kijijini, mwingine apalilie shamba. Feza ya hospitali ni mzigo mkubwa. Mkizungumza mapema na mwenye kuandika hesabu, ni vema kuliko kungoja siku ya kutoka. Mkiomba kando ya kitanda, ombeni kwa sauti ndogo na maneno machache, kwa maana wagonjwa wengine wanalala. Wengi waombe nje.

Na neno hili ni zito: msitafute mlozi. Mara nyingi, mgonjwa akiwa bado anapigania pumzi, jamaa nje wameanza kuulizana, “Nani amemloga?” Mwanamke wa nyumba, ao mzee mmoja, ao mtoto yatima anatajwa. Basi jamaa inapasuka wakati mgonjwa anaihitaji yote nzima. Kifafa cha mimba ni ugonjwa unaojulikana, malaria inaletwa na mbu, pepopunda inaingia kwa kidonda. Mwulizeni mganga sababu ya ugonjwa, naye atawaambia.

7. Kama haiwezekani kuingia

Kuna magonjwa ambayo jamaa hawawezi kumgusa mgonjwa hata kidogo. Tulijifunza jambo hili kwa uchungu katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mwanzoni wengi walificha wagonjwa wao, kwa sababu walisema, “Anayeingia kule haonekani tena.” Katika Beni vilitumiwa vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha. Jamaa walisimama nje, wakamwona mgonjwa wao, wakasema naye. Na watoto waliotengwa na mama zao walilindwa na watu waliokwisha kupona Ebola.

Tujifunze hapa kwamba mtu akizuiwa kugusa, hakuzuiwa kupenda. Ikiwa mlango haufunguki, ombeni kumwona kwa dirisha. Ombeni mwuguzi aweke simu karibu na sikio lake, mseme naye. Na kama mganga anasema kwamba mauti ni karibu, ombeni kwamba mmoja wenu awe naye. Kumshika mkono mtu anayekufa ni kazi kubwa, wala si kazi ya bure.

8. Kisha kutoka hospitalini

Aliyetoka katika chumba hiki hajapona yote. Kwa majuma mengi, hata miezi, miguu inaweza kukosa nguvu, usingizi ukakatika, ndoto mbaya zikaja, na akili ikasahau mambo madogo. Msimwite mvivu. Atembee kidogo kidogo kila siku, ale vema, arudi siku aliyoambiwa na mganga. Someni daftari pamoja naye, wakati yeye mwenyewe anataka.

Mwisho wa mfano

Yule mama alipoacha kulia, mwuguzi alimpa beseni na kitambaa. Alimwosha binti yake uso. Alimwita kwa jina la utoto wake. Siku ya tatu mganga alipitisha mpira mwembamba puani. Mama alipika uji, akauchuja kwa kitambaa safi, na mwuguzi akaupitisha polepole. Hivi uji wa mama ulifika tumboni kwa njia iliyo salama.

Usiku wa siku ya nne binti aliamka kwa hofu kubwa. Hakujua mahali alipo, akashika mipira ili aing'oe. Mwuguzi alikuwa kwenye kitanda cha mbali. Mama alishika mikono yake miwili, akasema, “Mwana wangu, ni mimi. Uko hospitalini. Umezaa binti. Tulia.” Akasema maneno hayo hayo tena na tena, mpaka mwuguzi alipofika. Mikono ikalegea, na mipira ikabaki mahali pake.

Asubuhi mwuguzi alimwambia, “Mama, uliniuliza kama uko hapa kwa kazi gani.”

Mama akajibu, “Mwana wangu, nimekwisha kuijua.”

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Sababu gani tusimpe uji mtu aliyezimia?
2. Tunawa mikono kwa muda gani, na wakati gani?
3. Taja kazi tatu ambazo jamaa peke yao wanaweza kufanya.
4. Sababu gani mkojo upimwe kabla ya kumwagwa?
5. Katika jamaa yako, nani anafaa kuwa msemaji? Nani atapokezana ulinzi?
6. Kanisa lenu linaweza kumfanyia nini mlinzi wa mgonjwa juma hili?